Mlingoti Ulikuwa Unakuja, Nikaanzisha Ubeti wa Pili

Mlingoti wa bendera ulikuwa unakuja juu yetu, na mimi nikainua mkono kuanzisha ubeti wa pili.

Nimeanzia hapo kwa sababu nawajua nyinyi vijana. Mkisikia mtu anaandika habari za kazi yake mnaruka kurasa mkitafuta mahali aliumia. Basi mmefika. Ilikuwa sikukuu ya taifa, uwanja mmoja nje kidogo ya Kitengela ukienda upande wa Isinya, mvua imenyesha jana yake na upepo unavuma kama umetumwa. Bendi yetu ilikuwa imepangwa safu mbili chini ya mlingoti, kwa sababu mwenyekiti wa kamati alitaka tuingie kwenye picha pamoja na bendera. Ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa ulikwisha salama. Halafu nikasikia kitu kikilia kwii, kama mlango wa zizi. Nikaangalia juu. Bendera, ambayo inatakiwa ipepee pale pale ilipo, ilikuwa inatusogelea.

Njoroge, mpiga ngoma kubwa, aliona kabla yangu. Alinitazama. Mimi ndiye nilikuwa naongoza, na kwa bendi yetu kulikuwa na alama mbili tu: ngumi ni simama, vidole viwili ni endelea. Macho ya Njoroge yalikuwa yanaomba ngumi. Nikampa vidole viwili.

Akapiga. Tena alipiga vizuri, ndani ya taimu, wacha nimpe haki yake.

Mlingoti ulianza na bega lake, ukapasua ngoma, kisha ile ncha yenye kigurudumu cha kamba ikaja kwa tarumbeta yangu. Na tarumbeta ilikuwa mdomoni. Chuma ikisukuma chuma na nyuma yake kuna meno, meno hayaulizwi maoni. Nilipoteza manne ya mbele, taya likavunjika mahali pawili. Lakini kitu kinachonisumbua roho mpaka leo ni kwamba watu hawakukimbia. Uwanja mzima ulisimama wima, mikono mapajani, wageni wa heshima wakiangalia mbele kama mbuzi waliopigwa na mwangaza, mpaka Wafula wa trombone akamaliza ubeti wa pili peke yake. Alipotoa noti ya mwisho ndipo wakaja kututoa chini ya bendera.

Niko na miaka hamsini na tatu. Nimestaafu. Mtu asiye na meno ya mbele hapigi tarumbeta, anaipulizia tu kama chai moto.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Shule niliacha darasa la sita, na sikuacha kwa sababu ya shida nyingi kama wenzangu wanavyosema kwenye mazishi. Niliacha kwa sababu nilikuwa mjinga na nilijua. Wazazi wangu walikuwa wametoka Murang'a wakanunua kashamba Kitengela wakati huku kulikuwa na swara wengi kuliko watu, na kila Jumapili bendi ya kanisa ilipita kwetu ikienda kuchangisha nyumba kwa nyumba. Nikaifuata. Nikaambiwa nibebe stendi za karatasi. Karatasi zenyewe sikuwa najua kusoma, lakini nilizibeba na uso wa mtu anayejua.

Aliyenifundisha alikuwa Sajini Mutiso, Mkamba mmoja mrefu aliyekuwa amepiga tarumbeta jeshini miaka mingi kabla ya kustaafu. Sajini hakufundisha na karatasi. Alifundisha na do re mi fa na fimbo. Ukikosea sol fimbo inakugusa goti, ukikosea la inapanda juu kidogo. Mpaka leo nikisikia wimbo wa taifa, magoti yangu yanajua kila noti kabla ya masikio.

Kanuni zake zilikuwa chache. Osha mdomo kabla ya kushika tarumbeta, kwa sababu sukari ya soda inaingia ndani na kugandisha pistoni, zile tatu unazobonyeza. Usipige umeshiba. Usipige umelewa, na kama umelewa simama nyuma ya besi. Na kubwa kuliko zote: wimbo wa taifa haukatwi. Nyimbo zingine unaweza kusimamisha bibi harusi akianguka, lakini huo ukishaanza, mbingu na dunia zitapita.

Hii ya mwisho alikuwa na ushahidi wake. Kulikuwa na siku jeshini nyuki alitua kwenye mdomo wake wa juu katikati ya wimbo, akamuuma, na Sajini akamaliza beti zote tatu huku mdomo unavimba kama maandazi. Hiyo hadithi alitusimulia labda mara mia. Kila mara nilikaa nikiomba kimoyomoyo nami nipate nyuki wangu. Mkiwa na ombi kama hilo, vijana, angalieni ukubwa wake.

Sajini ndiye alinieleza pia wimbo wenyewe ulitoka wapi. Mimi nilidhani ulishuka pamoja na bendera, kama kifurushi. Akacheka. Akasema wakati uhuru unakaribia, wakubwa waliona si vizuri nchi mpya kusimamia wimbo wa mkoloni, wala kuazima wa jirani. Wakaketi watu watano wanaojua muziki, wakasikiliza nyimbo za huku na kule, na mwisho wakachukua wimbo mmoja mdogo wa Wapokomo, watu wa Mto Tana. Wimbo wa mama kulaza mtoto. Wakautengeneza, wakauvalisha maneno ya sala, wakaufundisha taifa.

Nilimwambia Sajini hiyo ni uongo. Wimbo unaofanya askari wapige saluti hauwezi kuwa wa kulaza mtoto. Akaniambia nibebe ngoma kubwa kutoka kanisani mpaka sokoni na kurudi, nikiwaza. Nilibeba. Nikirudi nilikuwa nimeamini.

Kuanzia siku hiyo nikajifanya mwanahistoria. Kila mahali tulialikwa nilikuwa naeleza watu asili ya wimbo wa taifa, na mdomo wangu wakati huo ulikuwa na meno yote kwa hivyo haukuwa na breki. Siku moja tulikuwa Bisil, siku ya mnada, tumealikwa kufungua jengo la kuchanja ng'ombe. Nikasimama mbele ya wazee wa Kimaasai, nikawasalimia "Sopa," wakajibu "Ipa," nami nikaona mlango umefunguliwa. Nikawamwagia habari ya Mto Tana yote. Mzee mmoja mwenye blanketi nyekundu akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa upole:

"Na kwa nini hawakuchukua wetu?"

Akajijibu mwenyewe. "Wetu ukiimbwa watu wanaruka. Sasa nani angesimama kama mti pale mbele?"

Wazee wakacheka mpaka wengine wakashika fimbo zao. Mimi nilicheka pia, bila kujua nacheka nini. Leo najua. Kama wale watu watano wangepita Bisil, siku ya mlingoti tungekuwa tunaruka, na mtu anayeruka ni rahisi kuruka kando. Ningekuwa naandika haya nikitafuna mahindi ya kuchoma.

Wacha niwape ujuzi kidogo, msiseme nimewapa kilio tu. Kitengela adui wa tarumbeta ni vumbi la simiti na la barabara. Inaingia, inakutana na mate, inakuwa plasta. Kila Jumamosi fungua tarumbeta yote, iloweshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya kipande, pitisha kitambaa ukikivuta na kamba. Maji yasiwe moto, yatabambua rangi. Pistoni zipake mafuta mepesi ya cherehani, tone mbili.

Nasema mafuta ya cherehani kwa sababu mimi niliwahi kutumia mafuta ya kupikia. Yale magumu ya kwenye mkebe. Nilikuwa nimeishiwa, na nikawaza mafuta ni mafuta. Hapa kwetu jua likiwaka yanayeyuka, pistoni zinateleza kama pepo, nikajiona nimegundua kitu. Wiki hiyo tukaitwa Kona Baridi kwa mazishi ya mkulima mmoja. Jina la mahali lenyewe limekuonya, lakini mimi niliacha darasa la sita. Tulipanda alfajiri, ukungu, upepo wa milima ya Ngong unakata masikio. Kasisi akasema bendi itoe wimbo, nikabonyeza, pistoni zote tatu zikashuka na hazikurudi. Mafuta yalikuwa yameganda. Nilipiga noti moja, hiyo hiyo, kuanzia nyumbani kwa marehemu mpaka kaburini. Mjane alikuja baadaye kunishukuru. Alisema hajawahi kusikia tarumbeta ikiomboleza hivyo.

Na kule kwa baridi tarumbeta inashuka sauti, inakuwa chini ya wenzake. Kabla ya kuanza, ipulizie hewa ya tumbo bila kutoa mlio, ipate joto. Waliokuwa na Sajini walijua hiyo. Nyinyi wa siku hizi mnaweka wimbo wa taifa kwa flashi, mnabonyeza, basi. Nimeona mahali simu ya fundi wa spika iliita katikati ya wimbo, kwa sababu wimbo ulikuwa unatoka kwenye hiyo hiyo simu, na wageni wote wakasimama wima wakisikiliza mke wake akiuliza kama amenunua unga. Mimi nilicheka peke yangu nyuma. Halafu nikakumbuka kwamba hiyo simu angalau ilikatiza, na hakuna aliyeumia. Nikaacha kucheka.

Sasa mlingoti.

Kamati ya sherehe ilikuwa na mwenyekiti anaitwa Parsaloi, ambaye siku ile ndiye pia alikuwa mshereheshaji, kwa sababu hakuamini mtu mwingine na kipaza sauti. Parsaloi si mtu mbaya. Ni mtu anayependa mgeni kuliko mwenyeji. Fundi wa mlingoti aliitwa Gitonga, tunamjua wote, ndiye ametengeneza nusu ya mageti ya Kitengela, na nusu ya hayo hayafungi.

Siku moja kabla ya sherehe, mchana, nilipita uwanjani kuangalia tutasimama wapi. Nikamkuta Gitonga ameunganisha mabomba matatu ya maji kwa kuchomelea, amesimamisha, anashindilia mawe kwenye shimo. Shimo halikupita goti langu. Mkiwa mmekaa huku mnajua udongo wetu mweusi. Wakati wa kiangazi unapasuka mpaka unaweza kupoteza kiatu ndani ya ufa. Mvua ikinyesha unakuwa uji. Hata mama anayejenga kibanda cha kuku Kitengela anajua usisimamishe kitu kirefu bila zege.

Nikamuuliza Gitonga zege iko wapi. Akasema, "Baba Ciku, hii ni ya asubuhi moja tu. Kesho saa nane nauza chuma." Nikamuuliza kama mwenyekiti anajua. Akasema mwenyekiti ndiye amesema zege itachelewa kukauka na mgeni hawezi kukuta uwanja una matope ya simiti. Nikampigia Parsaloi simu. Akaniambia nishughulike na tarumbeta.

Nikashughulika. Na hapa ndipo nawaomba msinihurumie haraka, kwa sababu mimi pia niko kwenye hii orodha. Asubuhi ya sherehe nilifika mapema na bango la bendi yetu. Bango la turubai, upana wa mlango wa lori, limeandikwa jina la bendi na "Harusi, Mazishi, Sherehe Zote." Nilikuwa nalipenda kuliko viatu vyangu. Nikatafuta mahali wageni wote wataliona. Nikalifunga kwenye mlingoti.

Ndiyo. Mimi. Nilijua shimo ni la goti, nilijua mvua imenyesha, nilisikia upepo, na nikaupatia ule mlingoti tanga. Njoroge ndiye alinishikia ngazi. Aliniuliza, "Hii kitu haitatuangukia?" Nikamwambia mlingoti wa bendera hauanguki, unaheshimika.

Tulikuwa tumekubaliana na Parsaloi ubeti mmoja. Kwa desturi ya bendi yetu mgeni wa kawaida alipata ubeti mmoja, mkubwa sana akapata zote tatu, na upepo ule ulikuwa mbaya kwa midomo. Lakini wakati ubeti wa kwanza unakaribia kuisha, gari refu jeusi likaingia uwanjani. Mgeni mkubwa kuliko aliyekuwa ametarajiwa. Parsaloi akanigeukia kutoka jukwaani na kuniinulia vidole vitatu.

Hapo ndipo mlingoti ulilia kwii.

Nilikuwa na nafasi. Nimehesabu mara nyingi nikiwa kitandani: kati ya ubeti na ubeti kuna pumzi moja, na pumzi moja inatosha watu kumi na wawili kuruka kando. Ngumi moja tu. Lakini nilikuwa naona vidole vya Parsaloi upande huu, na upande ule nikaona Sajini kwenye viti vya wazee, amesimama wima, kidevu juu, ananiangalia. Nikawaza: huyu ni nyuki wangu.

Hospitalini nililala wiki tano, taya limefungwa waya, nikinywa uji kwa mrija. Wodi yetu ilisafishwa na mama mmoja tuliyemwita Mama Komora, mtu wa Garsen, kule kule Mto Tana, ameletwa huku na ndoa. Hakuwa msemaji. Lakini alikuwa anafagia huku akiimba kwa pua, na siku ya tatu magoti yangu yakashtuka chini ya blanketi. Ulikuwa wimbo wenyewe. Polepole zaidi, umelegea, unapinda mahali sisi tunaunyoosha, lakini ni wenyewe. Nikaomba karatasi nikaandika: HUU NI WIMBO WA TAIFA?

Akasoma, akacheka. Akasema huo ni wa mama yake, na bibi yake kabla, na taifa liliukuta pale. Nikaandika: UNA BETI NGAPI? Akasema hauna beti. Unaisha mtoto akilala.

Jioni hiyo Sajini alikuja kuniona, amevaa koti lake la medali. Alikaa kwenye kiti, akaniambia kwa sauti ya kutosha wodi yote kwamba nilifanya kazi ya mwanajeshi, sikukata wimbo, na amejivunia. Mimi nikalia, si kwa uchungu, kwa furaha, mnaona jinsi nilivyokuwa. Mama Komora alikuwa anapiga deki karibu na mlango. Akaegemeza fimbo ya deki ukutani.

"Baba, wimbo ule ni wa kulaza mtoto," akamwambia Sajini. "Mtoto akiteleza mgongoni, mama huutupa wimbo akamdaka mtoto. Nyinyi mliudaka wimbo mkamtupa mtoto."

Akachukua deki yake akaenda.

Sajini akavua kofia. Halafu akaniambia, akiangalia kofia yake, "Mimi nilikuwa na nyuki. Sikuwa na mlingoti." Hilo ndilo neno la kuomba msamaha nililopata kwake, na kwa Sajini hiyo ilikuwa hotuba. Alikufa mwaka uliofuata. Bendi haikupiga kwa mazishi yake kwa sababu haikuwa bendi tena.

Njoroge alikuwa wodi ya upande wa pili. Bega lake lilishikamana vibaya, mkono wa kulia umebaki umekunjwa kwenye kiwiko kama mtu aliyebeba kikapu kisichoonekana. Alikuwa mpiga ngoma bora niliyewahi kusimama mbele yake, na kazi yake ya siku za kawaida ilikuwa kupasua mawe. Sasa hapasui, hapigi. Anachunga mbuzi wa shemeji yake na hanilaumu, na hiyo ni mbaya kuliko kulaumiwa. Sikukuu iliyofuata alienda uwanjani kuangalia tu. Wimbo ulipoanza, kwa spika, askari mmoja akamwendea na kumwambia anyooshe mkono, aheshimu taifa. Njoroge akajaribu.

Kamati iliandika barua. Nakala ninayo, imekunjwa ndani ya Biblia mahali ambapo ningekuwa nasoma kama ningekuwa mtu wa kusoma. Imesema sababu ya ajali ni bango lililofungwa bila ruhusa. Hiyo nakubali, na nimeenda kwa Njoroge na kwa kila mtu wa bendi nikasema kwa mdomo huu wa meno ya plastiki kwamba bango lilikuwa langu. Shimo la goti barua haikulitaja. Vidole vitatu haikuvitaja. Lakini chini kabisa, juu ya sahihi ya Parsaloi, imesema kwamba wanabendi, na majina yetu mimi na Njoroge yametajwa, walizembea, kwa kuwa waliona hatari na wakakosa kuondoka.

Nimesomewa mstari huo na watu wengi, nikidhani labda ninakosea kuelewa kwa sababu ya shule yangu. Wote wameusoma hivyo hivyo.

Basi, Gitonga, wewe ulisema utauza chuma saa nane. Njoo useme ulimuuzia nani, na uniambie shimo lilikuwa na urefu gani, mbele ya Njoroge. Na wewe Parsaloi, mwenyekiti, mshereheshaji, mtu wa vidole vitatu, mimi sikuulizi mengi. Ulikuwa jukwaani, ulikuwa na kipaza sauti mkononi, na uliona mlingoti kabla yangu kwa sababu ulikuwa unaangalia upande wetu. Hukusema neno. Ulisimama wima. Na yule askari, aliyemwambia Njoroge anyooshe mkono, alikuwa anatekeleza amri ile ile uliyokuwa unaitekeleza wewe.

Sasa nijibu jambo moja, kwa maandishi, na utie sahihi pale chini kama ulivyotia kwa ile nyingine: siku ile tulitakiwa tusimame au tukimbie? Kama ni kukimbia, kwa nini wewe ulisimama? Na kama ni kusimama, Parsaloi, ondoa neno "walizembea" karibu na jina la Njoroge. Langu unaweza kuliacha. Njoo utusomee jibu nyumbani kwake. Tutakusikiliza tumesimama wima, yeye na mkono wake ulivyo.